Kidumu cha Kifuniko Chekundu

Mume wa mdogo wake Mama Asidi alihudhuria semina ya ufugaji nyuki ya siku mbili, na siku ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, alifika wakati wa chakula cha mchana. Kwa hesabu ya haki, basi, ilikuwa semina ya siku moja na nusu, na katika hiyo nusu walipiga picha ya pamoja. Lakini bwana alirudi na kofia, mkoba wa kitambaa na cheti, na cheti akakitia kwenye fremu akakitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi. Tangu siku hiyo hapakuwa na jambo ambalo semina haikuligusa. Mvua ikichelewa, semina ilisema. Mtoto wa jirani akikohoa, semina ilisema. Ndipo shemeji yake, yaani dada mkubwa wa mkewe, alipombandika jina la Bwana Semina, na jina likamkaa sawasawa, kama nguo ya kupimiwa.

Shemeji huyo naye alikuwa na jina la kubandikwa. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita, na wanafunzi walimwita Mama Asidi, kwanza kwa sababu ya chupa alizozitunza, na baadaye, walipomzoea, kwa sababu ya ulimi wake. Alilijua jina hilo na hakulikataa. Kwake yeye watu walikuwa wa aina mbili, wanaosoma lebo na wasiosoma, na hao wa pili hakuelewa kwa nini walipewa mikono.

Nyuki walikuwa wa baba yao. Mzee alikuwa seremala, na mizinga yote kumi iliyopangwa nyuma ya nyumba aliipigilia mwenyewe, maungio yake yamekaza hata wembe haupenyi. Kisha nuru ya macho ikaanza kumtoka kidogo kidogo, mpaka akabaki anatofautisha mwanga na kivuli tu. Randa aliiweka chini, nyuki hakuwaacha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mama Asidi alimshika mkono, akampeleka mpaka mzinga wa kwanza kando ya ukuta, akamwekea kigoda, na mzee akabandika sikio ubavuni mwa mzinga akasikiliza. Mzinga huo aliuita Bibi. Kundi la ndani yake lilikuwa la uzao uleule tangu binti zake wakiwa wasichana wadogo. Malkia mmoja akifa aliinuka binti yake, na nyuki wake walikuwa wapole kiasi kwamba mzee aliwafungua bila glavu.

"Leo wanasemaje?" Mama Asidi alikuwa akimuuliza.

"Wanakusengenya wewe."

Basi mzee alikaa pale mpaka jua limfikie. Hakuwa na shughuli nyingine iliyompendeza. Redio ilimchosha, wageni walimchosha zaidi. Siku moja alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi kuondoka, "Bibi akinyamaza, msinitoe tena nje. Mniache kitandani." Mama Asidi alimwambia aache maneno yake ya ovyo. Lakini alimjua baba yake, na alijua kwamba hayo hayakuwa ya ovyo.

Na mwaka huo Bibi alianza kunyamaza. Kiangazi kilirefuka, maua yakaisha, na juu ya njaa ukaja utitiri. Utitiri wa nyuki ni kidudu cha rangi ya ganda la maharage, ukubwa wake kichwa cha pini, kinachomng'ang'ania nyuki mwilini na kumnyonya, mpaka watoto wa mzinga wanatoka na mbawa zilizojikunja. Mama Asidi aliupima kama alivyofundishwa na baba yake. Unachota nusu kikombe cha nyuki, unawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, unawamwagia sukari ya unga, unatikisa. Nyuki hubaki ndani weupe na wamenuna, na utitiri hudondoka kwenye sinia la maji. Mizinga mingine ilitoa wawili, watatu. Bibi alitoa kumi na tisa.

Mzee alipoambiwa idadi akagawa kazi. "Wewe utawatibu. Mkwe wangu atawalisha."

Mama Asidi alimkodolea macho, akasahau kwamba baba haoni. "Baba, yule?"

"Yule. Wewe uko kazini kutwa. Yeye yupo."

"Yupo, ndiyo. Hata kisiki kipo."

"Kisiki hakinisomei gazeti," mzee akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Ni kweli kwamba Bwana Semina alimsomea mzee gazeti. Alilisoma kila alasiri kwa sauti ya mtangazaji, pamoja na matangazo ya vifo na bei za mabati, na Mama Asidi, akiwa chumba cha pili, alisikiliza na kusonya. Ni kweli pia kwamba ndiye aliyempeleka mzee kwa daktari wa macho mara nne, akakaa naye kwenye foleni. Mama Asidi alikuwa na jibu la hilo pia: mtu asiyekuwa na kazi foleni kwake ni ofisi.

Utaratibu wa mzee haukuwa mgumu. Nyuki mwenye njaa hapewi dawa. Kwanza analishwa maji ya sukari siku nne, apate nguvu, na siku ya tano, asubuhi kungali na baridi, ndipo anatiwa dawa. Dawa yenyewe ni asidi oksaliki, unga mweupe unaopimwa kwa mizani na kuyeyushwa. Unavuta kidogo kwa bomba la sindano, unadondosha matone katikati ya sega na sega, nyuki wanalowana mgongoni, utitiri unakufa. Wakidondoshewa hicho kidogo wanapona. Wakinywa lita nzima, hawaponi.

Shida ni kwamba dawa huyeyushwa ndani ya maji ya sukari vilevile. Ukiziweka pamoja, dawa na chakula, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwa hiyo tangu zamani mzee alitia tone la rangi ya bluu kwenye chakula. Chakula ni bluu, dawa haina rangi. Na faida ya pili ni kwamba sega lenye bluu hujulikana kuwa ni sukari iliyohifadhiwa, hakuna mtu atakayelikamua na kusema ni asali.

Bwana Semina aliifuta bluu siku ya kwanza.

"Shemeji, mambo ya rangi ni ya kizamani," alisema, akikoroga ndoo kwa mwiko wa mkewe. "Semina ilisema nyuki ale kitu cha asili."

"Na hiyo sukari umeichuma kwenye mti gani?"

"Sasa huo ni ubishi."

"Baba anatia rangi ili mtu asichanganye chakula na dawa."

"Nani achanganye? Mimi?" Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akajipiga kifuani kwa mkono wenye sukari. "Mimi mwenye cheti?"

Mama Asidi angeweza kwenda kwa baba yake akasema neno moja, na bluu ingerudi siku hiyohiyo. Hakwenda. Alimwangalia shemeji yake anavyokoroga, povu limemrukia mpaka kwenye kofia ya semina, akasema moyoni: endelea tu, siku yako ipo. Na wazo hilo lilimburudisha. Miaka kumi na moja alikuwa akimvumilia mtu huyo mezani, kwenye harusi, kwenye misiba, akitoa hotuba kila penye kiti cha ziada. Sasa alihisi siku yenyewe imekaribia.

Ijumaa, aliporudi kutoka shuleni, alitengeneza dawa yake. Alipima unga mara mbili, akauyeyusha, akaumimina kwenye kidumu cha lita moja kilichokuwa zamani cha mafuta ya kupikia, mfano wa vile vidumu ambavyo Bwana Semina alitilia chakula. Vidumu vyote vilitoka jikoni kwa mdogo wake na vyote vilikuwa na vifuniko vya njano. Chake alikitia kifuniko chekundu alichokitoa maabara, akabandika lebo kwa herufi kubwa: DAWA. ASIDI. SI CHAKULA. Akakiweka rafu ya juu kabisa stoo, mbali na vingine. Alisimama akakitazama, akaridhika. Kosa lilikuwa haliwezekani, isipokuwa kwa mtu mpumbavu.

Jumamosi saa nne wakaja wageni watatu wa chama cha wafugaji nyuki. Bwana Semina aliwaalika mwenyewe kwa kuwa chama kilikuwa kinatafuta mkufunzi, naye hakuona mwingine anayefaa. Alikuwa ameamka alfajiri kupanga stoo upya ipendeze, kila kitu kilichokuwa juu kikashuka chini na cha chini kikapanda juu. Mkewe alimwingiza mzee ndani kumbadilisha shati. Mama Asidi alikuwa jikoni, dirisha linatazama mizinga, anakausha sinia la kuhesabia utitiri, na hakutaka kutoka kwa sababu hakutaka kucheka mbele za watu.

Ndipo alipomwona Bwana Semina anatoka stoo na kreti mikononi. Vidumu vimepangwa vizuri ndani ya kreti, njano, njano, njano, na pembeni kabisa nyekundu. Lebo ilikuwa imegeukia dirishani. Alisoma mwandiko wake mwenyewe.

Mdomo wake ulifunguka. Pumzi aliivuta. Sauti ilikuwa tayari kooni, na sauti yake iliweza kunyamazisha madarasa mawili kwa pamoja. Lakini kabla haijatoka, alikumbuka mambo mawili. La kwanza, Bwana Semina huanza kulisha na mzinga wa kumi, karibu na lango, ambao mzee alimpa awe wake. La pili, kabla ya kumimina, huwa anachovya kidole kwenye kidumu, anakilamba, anafumba macho na kusema "Tamu!" kama vile yeye ndiye nyuki. Alifanya hivyo kila mara. Mama Asidi alimwona tayari: kidole mdomoni, halafu uso unakunjamana, anatema mate mbele ya mwenyekiti wa chama, na yeye Mama Asidi anamkaribia taratibu na kumuuliza kama semina iliwafundisha kusoma.

Alicheka peke yake. Akaliweka sinia chini, akajifuta mikono, akatoka. Hakutaka kukosa hata sehemu ndogo.

Uani mambo yalikuwa tofauti na alivyoyapanga. Kwa heshima ya wageni Bwana Semina alikuwa amevaa kila kitu alichonacho: ovaroli nyeupe, glavu mpaka kwenye viwiko, kofia yenye wavu uliofungwa shingoni. Kidole cha kulamba hakikuwepo. Na mzinga wa kumi aliupita bila kuutazama. "Tuanze na mzinga wa mzee wetu," alisema kwa sauti ya gazeti la alasiri, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, akaweka kreti chini, akafungua mfuniko. Kilishio, kile kisanduku cha plastiki kinachokaa juu ya masega, kilikuwa kikavu. Nyuki waliokuwa juu walikuwa wachache na wanyonge.

Mama Asidi aliongeza mwendo. "Shemeji!"

Bwana Semina aligeuka, uso umejaa furaha nyuma ya wavu. "Aa! Na huyu ndiye msaidizi wangu," aliwaambia wageni. "Ananisaidia kuosha vyombo."

Wageni walicheka kwa adabu, kicheko cha kumridhisha mwenyeji. Mama Asidi alisimama palepale.

"Ulitaka kusema nini, shemeji?" Mkono wake wenye glavu ulikuwa umeshashika kifuniko chekundu.

"Hakuna," Mama Asidi akasema. "Endelea."

Alimwona akifungua. Alimwona akimimina, maji yasiyo na rangi yanaingia kwenye kilishio bila kelele, mpaka tone la mwisho, huku mwenyewe anaeleza umuhimu wa usafi. Halafu mfuniko ukarudishwa na msafara ukahamia mzinga wa pili, na huko mambo yalikuwa ya njano, hayana hatari. Mama Asidi alijiambia kwamba nyuki hawatayanywa, yana uchachu. Alijiambia kwamba wageni wakiondoka tu atakitoa kilishio, atakimwaga, hakuna atakayejua, na silaha itabaki mkononi mwake kwa siku nyingine. Alijiambia mengi, na yote yaliingia akilini kwa urahisi.

Wageni hawakuondoka. Mdogo wake alileta chai. Mwenyekiti, mama mmoja mtulivu aliyekuwa hajasema mengi, aliuliza utitiri ulihesabiwaje, na Bwana Semina akaanza kujibu na akapotea njiani. Basi mwenyekiti akamgeukia Mama Asidi. Naye akaeleza. Alieleza vizuri: nusu kikombe ni nyuki wangapi, sukari ya unga kiasi gani, dakika ngapi za kutikisa, kwa nini idadi ya kumi na tisa inatisha. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na kila sentensi ilimpunguza Bwana Semina kwenye kiti chake, na Mama Asidi aliliona hilo na akaongeza nyingine. Chai ilipoa. Wageni walitoa madaftari. Mwenyekiti akasema hakujua kwamba nyumba hii ina mtaalamu. Huo ulikuwa mchana mtamu kuliko yote aliyopata kukaa na shemeji yake, na aliukalia mpaka mwisho.

Wageni walipoondoka ndipo alipokwenda kwa Bibi, na alipofungua mfuniko, kilishio kilikuwa kikavu. Nyuki wenye njaa ya miezi mitatu hawachagui. Walikuwa wameyanywa yote, na wachache walikuwa bado wanalamba pembe.

Alifanya alichoweza. Aliosha kilishio, akatia maji safi, kisha maji ya sukari, yenye bluu, akayaweka, na hakuna nyuki aliyeyagusa. Jumapili asubuhi aliiahirisha kazi ya dawa kwa kisingizio cha upepo. Mbele ya mlango wa Bibi nyuki walikuwa wanatambaa ardhini, wanazunguka, mbawa zimefunguka, hawaruki. Jumatatu walikuwa wamelala pale kwa mamia, na sisimizi walishapata habari.

"Utitiri huo," Bwana Semina alisema, amesimama mikono kiunoni. "Semina ilituonyesha picha. Ni huohuo."

Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja mtu huyo kusema upuuzi na Mama Asidi kukosa jibu.

Na kila asubuhi mzee alikuwa pale kwenye kigoda, sikio ubavuni. Jumapili alisema wananong'ona. Jumatatu alisema wanaongea mbalimbali, kama nyumba iliyohamwa nusu, na akauliza mara mbili kama wamelishwa. "Wamelishwa, baba," Mama Asidi akajibu, na huo haukuwa uongo.

Jumanne alibandika sikio akakaa muda mrefu. Akahamisha sikio juu kidogo. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama anavyogonga mlangoni kwa mtu. Akasikiliza tena.

"Umenileta mzinga gani?"

"Ni Bibi, baba."

"Siye. Nipeleke kwa Bibi."

"Ndiye huyu, baba."

Mzee alipapasa ubao, akapita kwenye maungio aliyoyakata mwenyewe, akayatambua. Mkono ukabaki hapo. Mama Asidi alitazama kwingine.

Ndipo Bwana Semina alipotokea upande wa stoo. Hakuwa na kofia, na bila kofia kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko mtu angetegemea. Mikono ilikuwa na povu la sabuni, kwa sababu vidumu alikuwa anaviosha yeye siku zote, jambo ambalo Mama Asidi hakuwahi kulijua. Alishika kidumu kimoja kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, na sauti ya mtangazaji haikuwepo. "Siyo utitiri. Ni mimi."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti.

"Nilikuwa naosha vidumu vya Jumamosi. Hiki kina lebo. Imeandikwa kwa herufi kubwa, hata mtoto angesoma. Mimi sikusoma. Nilimpa Bibi dawa nikidhani ni chakula, lita nzima. Na rangi. Shemeji aliniambia kuhusu rangi. Nilimcheka. Bibi nimemuua mimi, mzee, na kama utataka nisikanyage tena hapa, nitaelewa."

Mama Asidi alisubiri furaha. Uso ule aliokuwa akiutamani miaka yote, umekunjamana, umeaibika, huo hapo mbele yake, na hakuna hata chembe iliyotiwa chumvi. Furaha haikuja. Aliona tu mwanamume wa makamo anayelia akiwa ameshika kidumu cha mafuta ya kupikia.

Kisha Bwana Semina akamgeukia. "Nisamehe, shemeji. Ungekiona kidumu ungenizuia, najua. Na mimi, mbele za watu, nikakuita msaidizi. Jambo hilo pia linaniuma."

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angenyamaza tu. Angeitikia kwa kichwa, na lebo ingemtetea maisha yake yote. Lakini mzee alikuwa ameugeuza uso upande wake, macho yasiyoona yamemlenga sawasawa, anasubiri.

"Nilikiona," Mama Asidi akasema.

"Uliona nini?" mzee akauliza.

"Kidumu. Nilikiona kwenye kreti, kutoka dirishani. Nilisoma lebo. Nilijua."

Bwana Semina alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunja uso kama mtu anayejitahidi kusoma maandishi madogo. "Sasa mbona uliniambia niendelee?"

Mama Asidi alitafuta jibu. Maneno yaliyomjia yalikuwa ya kejeli, ndiyo aliyokuwa nayo mengi, na hakuna hata moja lililofaa. "Nilitaka uaibike," alisema mwisho. Moyoni jambo hilo lilikuwa kubwa, lilikuwa limejaza miaka kumi na moja. Lilipotoka nje, mbele ya baba yake, lilikuwa dogo hata utitiri ulilishinda kwa ukubwa.

Mzee aliinuka polepole kwenye kigoda, akanyoosha mkono hewani kama afanyavyo kila siku, na Mama Asidi akaupokea haraka kama afanyavyo kila siku. Kidole gumba cha mzee kilipita juu ya kovu laini kwenye kifundo cha mkono wake, alama ya asidi iliyomwagika zamani akiwa mpya kazini. Kikasimama hapo kidogo. Halafu mzee akauachia mkono huo.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Niko hapa, mzee."

"Nishike. Nipeleke kitandani."

Bwana Semina alifuta povu kwenye suruali, akamshika. Walikwenda polepole, mwana wa watu anamwonya mzee kila jiwe na kila kizingiti, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, na mzee anaitikia, ndiyo, ndiyo, nimeliona.

Kesho yake, saa ileile, Mama Asidi alisimama mlangoni kwa baba yake amevaa nguo za kazi. Mzee alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Baba, twende. Mzinga wa pili wanavuma vizuri leo. Nimewasikiliza mwenyewe."

"Nenda kazini. Utachelewa."

"Nimekosa, baba."

"Mkwe wangu hakusoma," mzee akasema bila kugeuka. "Na mimi sioni. Katika nyumba hii nzima, mwanangu, wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaona."

Alikaa mlangoni mpaka akasikia hatua za shemeji yake zinakuja na gazeti, siku hiyo asubuhi badala ya alasiri. Akampisha. Akaenda uani, akachukua kigoda kilichokuwa bado kando ya mzinga uliokufa, akakifuta vumbi, akakirudisha stoo. Kisha akaenda kazini, na hakuchelewa.